Shangazi, dawa ya tumbo imenivimbisha kifua na kuniondolea unyumba

Shikamoo Shangazi,

Nakuandikia saa nane za usiku, nimekaa sebuleni taa zimezimwa. Mke wangu yuko chumbani amelala, au anajifanya amelala kama ninavyojifanya mimi kila siku.

Nina miaka 39, ndoa ina miaka 10 na watoto ni wawili. Shida yangu ilianzia tumboni. Mwaka jana nilianza kupata kiungulia kikali na maumivu kwenye chembe cha moyo, usiku yakizidi. Daktari akaniandikia simetidini za miligramu 400, asubuhi kimoja na usiku kimoja, kwa wiki nne. Zilinipa nafuu kubwa. Zilipoisha maumivu yakarudi, basi nikawa najinunulia mwenyewe, na leo ni mwezi wa 14. Tumbo likichachamaa nameza hata vinne kwa siku. Kazi yangu ni ya kukaa kwenye usukani kutwa nzima, mgongo unanisumbua, kwa hiyo na diklofenaki hazinitoki mfukoni, ila hilo silo lililonileta kwako.

Kama miezi mitano iliyopita nilishika kitu chini ya chuchu ya kushoto, kama kifungo cha koti, nikikibonyeza kinauma. Baadaye kikaja na upande wa kulia. Sasa pamevimba, na nikivaa fulana moja panaonekana. Navaa mbili chini ya shati. Mkanda wa gari naupitisha chini ya kwapa ili usiniguse. Mwezi uliopita binti yangu wa miaka minne alinirukia kifuani niliporudi kazini, nikapiga ukelele mpaka mtoto akalia. Tangu siku hiyo husimama mlangoni na kuniuliza, "Baba, nije au unaumwa?"

La pili ni gumu kuandika. Nguvu za kiume zimeniishia. Ingekuwa nataka nikashindwa ningejua pa kuanzia, lakini hata ile hamu yenyewe haiji. Nikijilazimisha, jogoo hapandi mtungi. Nilianza kuchelewa kulala nikisingizia mpira, mwisho nikahamia kwenye kochi. Wiki mbili zilizopita mke wangu alikuwa anakunja shuka, akaniuliza bila kuniangalia, "Niambie tu jina lake." Shangazi, hakuna mwanamke yeyote. Nilishindwa kujibu na nadhani kimya changu kilikuwa jibu kwake.

Nilijikaza nikaenda kupima testosteroni, ile homoni ya kiume. Majibu yakatoka ni ya kawaida. Aliyenihudumia akaniambia niko sawa kabisa, nipunguze mawazo. Nilipotaka kufungua shati nimwonyeshe kifua, alikuwa ameshamwita mgonjwa mwingine. Rafiki yangu naye akanipa kidonge cha kuongeza nguvu. Usiku ule kichwa kilitaka kupasuka, uso ukawaka moto, moyo ukadunda hadi alfajiri. Sijarudia.

Naomba uniambie: je, inawezekana ni hizi dawa za tumbo? Au ni saratani? Nikiziacha nitarudi kama zamani? Na mke wangu nimwambie nini?

Ni mimi, Baba wa Wawili

*

Marahaba mwanangu, na pole sana.

Nilikaa nyuma ya dirisha la dawa miaka mingi kabla sijapewa safu hii, na najua kwamba mwanaume akifikia kumwandikia mtu asiyemjua habari za kifua chake, ameshatembea na mzigo huo kwa muda mrefu peke yake. Kwa hiyo sitakuzungusha. Ndiyo, dawa ya tumbo unayomeza ndiyo ninayoishuku kwanza kwa yote mawili, kifua na unyumba. Na kwa muda ulioutaja, sehemu kubwa ya madhara haya kwa kawaida hurudi nyuma dawa ikibadilishwa.

Jambo hili halikugunduliwa jana. Simetidini ilianza kuuzwa Uingereza mwaka 1976 kwa jina la Tagamet. Aliyeongoza kazi ya kuitengeneza, James Black, alikuwa mmoja wa waliopewa tuzo ya Nobel ya tiba mwaka 1988, na alistahili. Kabla ya dawa hii, mtu mwenye vidonda sugu vya tumbo aliishia kwenye kisu: kipande cha tumbo kinaondolewa, au inakatwa mishipa ya fahamu inayoliamuru tumbo limwage asidi. Watu wengi mno waliepushwa na upasuaji kwa ajili ya kidonge hiki, na sitakitukana. Lakini hazikupita hata siku nyingi wanaume wakaanza kurudi kwa madaktari wao na maneno kama yako: chuchu zinauma, kifua kinavimba, chumbani mambo yamelala. Madhara hayo yameandikwa kwenye ile karatasi iliyokunjwa mara nane ndani ya boksi. Tatizo ni kwamba anayenunua vidonge vya kuhesabiwa hupewa vidonge tu, karatasi hubaki kwenye boksi la muuzaji.

Sasa nikueleze kwa nini kipimo chako kilitoka kizuri na bado wewe ni mgonjwa, kwa sababu naona hapo ndipo ulipokatishwa tamaa.

Testosteroni ni kama ufunguo. Ili ifanye kazi lazima iingie kwenye tundu lake, na matundu hayo yamo kwenye viungo mbalimbali vya mwili, kifuani yamo, na kwenye ubongo unaoleta hamu yamo. Simetidini ina tabia ya kwenda kukaa kwenye matundu hayohayo. Haifungui chochote, inaziba tu. Ukipima damu unakuta funguo ziko tele, lakini kipimo cha damu hakihesabu milango iliyozibwa. Juu ya hilo, dawa hii hulipunguza ini kasi ya kuvunja estrojeni, ile homoni ya kike ambayo kila mwanaume anayo kwa kiasi kidogo. Basi kifuani pako testosteroni imezuiwa mlangoni na estrojeni imepata nafasi, na tishu ya titi, ambayo wanaume nao wanayo, ikaanza kukua. Kwa hiyo hukuwa na "mawazo". Mawazo yamekuja baadaye, na ni haki yako kuwa nayo.

Kipimo cha dawa kina uzito sana hapa. Mwaka 1994 yalichapishwa matokeo ya uchunguzi mkubwa wa wanaume zaidi ya 81,000 huko Uingereza. Waliokuwa wakitumia simetidini walikuwa na uwezekano wa kuvimba matiti mara 7 hivi kuliko wasiotumia. Kwa waliomeza miligramu 1,000 au zaidi kwa siku, uwezekano ulipanda kupita mara 40. Wewe ulianza na 800. Siku ulizomeza vinne ulifika 1,600. Na kabla ya hapo, mwaka 1983, madaktari wa Marekani walikuwa wameeleza habari za wanaume 22 wenye ugonjwa adimu wa tumbo kumwaga asidi kupita kiasi, waliokuwa wakipewa simetidini kwa dozi kubwa kuliko hata hiyo yako. Nusu yao walipata kuishiwa nguvu za kiume, au maumivu na uvimbe wa matiti, au vyote. Wale waliobadilishiwa dawa walipata nafuu.

Nisikutishe wewe wala mwingine anayesoma akiwa na boksi la dawa hiyo mkononi. Kwa dozi ya kawaida, ya muda mfupi, wanaovimba kifua hawafiki hata mmoja katika kila 100. Wewe umeikaribia hatari kwa njia mbili: wiki nne zimegeuka miezi 14, na vidonge viwili vimekuwa vinne.

Kuhusu saratani. Ulichoeleza, kitu cha duara kama kifungo, kiko katikati chini ya chuchu, kinauma kikiguswa, na kiko pande zote mbili, kinafanana zaidi na uvimbe wa homoni kuliko saratani. Saratani ya titi kwa mwanaume ipo, ingawa ni kama 1 tu katika kila 100 ya saratani zote za matiti. Mara nyingi huwa upande mmoja, ngumu kama jiwe, haiko katikati, mwanzoni haiumi, na inaweza kuivuta ngozi au kuiingiza chuchu ndani, au kutoa maji yenye damu. Hata hivyo mimi nimesoma barua, sijakushika kifua. Lazima daktari akushike kwa mikono yake, na safari hii ukiingia chumbani fungua shati kwanza, maneno yafuate. Mwambie akupime na korodani, maana uvimbe wa korodani nao unaweza kuanza kujionyesha kwa matiti. Apime ini na figo. Na umtajie kila unachomeza, kwa sababu kuna dawa nyingine zinazovimbisha matiti, kama spironolaktoni ya moyo na ini, na baadhi ya dawa za kuongeza misuli.

Je, utarudi kama zamani? Maumivu ya kifua ndiyo hutangulia kuondoka, mara nyingi ndani ya wiki chache baada ya kubadilisha dawa. Uvimbe huchukua miezi. Hamu na nguvu nazo hurudi taratibu, usizipime kila usiku. Lakini usizembee, kwa sababu tishu ya titi ikikaa zaidi ya mwaka mmoja hivi hugeuka kuwa ngumu kama kovu, na hapo kuacha dawa peke yake huenda kusiiondoe, ikabidi daktari wa upasuaji. Wewe uko mwezi wa tano. Nafasi unayo.

Usitupe vidonge usiku huu ukabaki mikono mitupu. Nenda kwa daktari wiki hii akubadilishie. Famotidini ni ya ukoo mmoja na simetidini, inapunguza asidi vizuri, lakini haina ile tabia ya kuziba matundu ya testosteroni. Omeprazoli hufanya kazi kwa njia nyingine na ina nguvu zaidi kwa vidonda. Katika uchunguzi ule wa 1994 haikuonekana kuongeza uvimbe wa matiti, ingawa kesi moja moja zimewahi kuripotiwa. Nayo si ya kumeza miaka bila kuangaliwa, kwani ikitumika muda mrefu inaweza kushusha vitamini B12 na magnesiamu, na ukiiacha ghafla asidi huweza kurudi kwa kishindo kwa wiki kadhaa. Ukikuta ranitidini ya zamani imebaki kabatini kwa mtu, usiichukue. Marekani ilitaka iondolewe sokoni mwaka 2020, na nchi nyingine nyingi zikaizuia, kwa sababu ya kemikali iliyokutwa ndani yake inayoshukiwa kuleta saratani.

Na sasa mwanangu, lile uliloandika kwa kupita tu, ukasema silo lililokuleta. Mimi ndilo lililonisimamisha. Diklofenaki. Vidonda vya tumbo vina wazazi wakubwa wawili: bakteria aitwaye Helikobakta pailori, na dawa za maumivu za jamii ya diklofenaki na ibuprofeni. Unameza simetidini kuzima moto na diklofenaki kuuwasha, siku hiyohiyo, kutoka mfuko huohuo. Inawezekana kabisa ndiyo sababu wiki nne hazikutosha. Mwambie daktari jambo hili kabla ya jingine lolote la tumbo. Mgongo una njia nyingine: mazoezi ya tiba, dawa ya kupaka, parasetamoli, kushuka garini ukajinyoosha kila baada ya muda. Ukiona choo cheusi kama lami, au ukitapika damu, au kitu kama unga wa kahawa, usingoje kesho, nenda hospitali saa hiyohiyo.

Bakteria huyo naye apimwe, kwa pumzi au kwa choo. Barry Marshall na Robin Warren wa Australia ndio walioonyesha miaka ya 1980 kwamba vidonda vingi huletwa na yeye, na walipata Nobel mwaka 2005. Akipatikana, huuawa kwa mchanganyiko wa antibiotiki na dawa ya asidi, kwa kawaida siku 14. Ukiwa umeshaanza omeprazoli, kipimo kinaweza kudanganya, kwa hiyo huhitajika kuiacha kama wiki mbili kabla. Ni bora upime kwanza, kisha ndipo ubadilishiwe. Ninachotaka uelewe ni kwamba tumbo lako linatibika. Hukuandikiwa kumeza dawa ya asidi maisha yako yote.

Kile kidonge cha rafiki yako usikiguse tena. Kama ni sildenafili, na dalili zako zinafanana nayo, simetidini hulizuia ini lisiivunje, na kiasi chake kwenye damu hupanda kwa zaidi ya nusu. Wewe ulidhani umemeza kimoja, mwili ukakipokea kama kimoja na nusu. Na kwa mtu anayetumia dawa za naitreti za moyo, kidonge hicho kinaweza kumwua. Simetidini inaingilia dawa nyingine nyingi kwa njia hiyohiyo ya ini, kama warfarini ya kuzuia damu isigande, fenitoini ya kifafa na theofilini ya pumu. Anayezitumia asichanganye bila kuuliza.

Kama miezi mitatu itapita tangu ubadilishe dawa na chumbani bado hakuna mabadiliko, usiishie kuilaumu simetidini. Pima sukari na presha, angalia sigara na pombe kama vipo. Nguvu za kiume zikipungua kwa mtu wa umri wako, wakati mwingine ni mishipa ya damu inayotoa taarifa mapema kabla ya moyo.

Niwaguse kidogo na wasomaji wangu wa kike, maana mtadhani haya ni ya wanaume tu. Dawa za kichefuchefu na tumbo kujaa, domperidoni na metoklopramidi, hupandisha homoni ya prolaktini, ile inayoleta maziwa. Mwanamke anaweza kuona maziwa yanatoka hali hana mtoto, hedhi zikapotea, hamu ikaisha. Nimewahi kumwona binti akilia dirishani kwangu kwa hofu, na kumbe jibu lilikuwa kwenye kikopo alichokishika mkononi.

Nimeliacha la mkeo mwisho kwa sababu ndilo litakaloanza. Kabla ya daktari, kabla ya kipimo, mwambie usiku wa leo. Yeye amekuuliza jina, na kila siku unayokaa kimya anajitungia mwenyewe. Usianze kwa kuapa kwamba huna mwanamke, aliyeumizwa hasikii viapo. Mwambie, "Mama watoto, kuna kitu nimekuficha na ninaona aibu." Kisha vua zile fulana mbili. Aone kwa macho yake kifua chako, ashike ile sehemu kwa taratibu. Mwonyeshe kopo la dawa. Mwambie na habari ya mtoto kusimama mlangoni, najua hilo limekukaa moyoni kuliko yote. Hutahitaji maneno mengi baada ya hapo. Halafu mwombe mwende pamoja kwa daktari. Mwanaume akiingia na mke wake hafukuzwi haraka, na yeye atakumbuka kutaja diklofenaki ukisahau.

Rudi chumbani kulala hata kama hakuna kitakachofanyika. Kitanda kina kazi nyingine nyingi zaidi ya hiyo moja, na mkeo alipoteza zote ulipohamia kwenye kochi.

Vidonge vitakavyobaki virudishe duka la dawa waviteketeze, usimpe jirani mwenye kiungulia. Niandikie baada ya wiki sita unieleze maumivu yamefikia wapi, na kama binti yako ameanza tena kukurukia. Ukiona maneno yanakukwama mbele ya mama yao, mpe simu asome mwenyewe jibu hili, na umwambie Shangazi anamsalimu.